Skanka imemzidi: soma dalili, tafuta chanzo, ndipo uchukue hatua

Wanaletwa kwa namna ileile. Bajaji inasimama getini saa nne usiku, dada mtu anashuka kwanza, anamvuta mdogo wake mkono, na nyuma yao kuna rafiki mmoja asiyetaka sura yake ionekane. "Shikamoo sista. Huyu sijui kalishwa nini." Ukimvuta yule rafiki pembeni ukamuuliza taratibu, anakwambia: "Ni kijiti tu kama siku zote. Ila hiki cha leo walisema ni skanka." Yaani bangi kali ya chotara.

Mimi ni muuguzi wa afya ya akili hapa Moshi. Haya nawaandikia wale wanaobaki na mgonjwa kabla hajatufikia: mama, kaka, mwenye nyumba, mwalimu wa bweni. Kosa ninaloliona kuliko yote ni kuzitia dalili zote kapu moja. Mmoja anasema bangi imempanda, mwingine anasema mapepo, wa tatu anasema malaria, halafu tiba inakuwa moja: maziwa, maji ya ndimu, au makofi. Lakini anayetetemeka nusu saa baada ya kuvuta, anayetapika kila asubuhi kwa miezi, na anayesikia sauti wiki tatu baada ya kuacha ni wagonjwa watatu wenye matatizo matatu. Wa kwanza anahitaji mtu wa kukaa naye. Wa pili anahitaji dripu. Wa tatu ukimchelewesha unampotezea miaka.

Kwa hiyo, kabla ya lolote, pata majibu ya maswali manne. Kavuta au kala? Saa ngapi? Amekuwa akitumia tangu lini, na mara ngapi kwa wiki? Kachanganya na nini? Ili ujibiwe ukweli, mwahidi kwamba usiku huu hakuna atakayemchapa wala kumfukuza, na ahadi hiyo uitimize. Nimeona dalili zikifichwa kwa saa tatu kwa sababu baba alikuwa amesimama mlangoni na mkanda.

Kwanza ujue inatofautiana nini na bangi ya zamani

Bangi waliyoijua wazee wetu, ile iliyopewa jina la "cha Arusha", ni mmea mrefu wa shambani, wenye majani membamba na mbegu tele zinazopasuka kwenye moto wa msokoto. Skanka ni chotara. Aina iliyoipa jina, Skunk #1, ilizalishwa California miaka ya 1970 kwa kuchanganya mimea yenye asili ya Afghanistan, Mexico na Colombia, kisha miaka ya 1980 ikafika Uholanzi na kutoka huko ikaenea duniani. Jina limetokana na mnyama wa Amerika anayenuka vibaya akitishwa, kama kicheche wetu. Mtaani leo neno hilo limekuwa la jumla: bangi yoyote kali yenye harufu nzito, maua yaliyoshikana kama vifundo, yanayonata vidoleni na yasiyo na mbegu. Ukikuta kitu cha namna hiyo mfukoni mwa mwanao, hicho sicho alichovuta babu yake.

Ukali wake una sababu. Bangi ina mmea dume na mmea jike. Jike lisipopata chavua halizai mbegu, bali linaendelea kujaza maua na utomvu, na THC, kemikali inayolewesha, imo kwenye utomvu huo. Wazalishaji wa huko nje waliyatenga majike, wakayakuza chini ya taa, na kizazi baada ya kizazi wakachagua yale yenye utomvu mwingi. Bangi iliyokamatwa na kupimwa Marekani ilikuwa na THC ya wastani wa asilimia 4 mwaka 1995. Kufikia 2014 ilikuwa asilimia 12. Katika uchaguzi huohuo kemikali nyingine, CBD, inayoonekana kupunguza makali ya THC, imebaki kidogo sana. (Kwa wakulima wa Machame na Old Moshi, CBD ni chule buni, ule ugonjwa wa kahawa. Hapa nazungumzia kitu kingine kabisa.)

Kuna jambo moja ambalo kila aliyewahi kupanda mahindi chotara atalielewa haraka. Mbegu ya chotara ukiirudisha shambani haizai watoto wanaofanana. Mmoja mrefu, mmoja mfupi, mmoja hana kitu. Skanka nayo ni hivyo. Kete mbili za muuzaji mmoja, zenye harufu moja, zinaweza kupishana nguvu kwa mbali. Kijana akikwambia "lakini jana nilivuta hichohicho," usidhani anadanganya. Anaamini hivyo. Ila kilichokuwa ndani si kilekile.

Moyo unaenda mbio, anatetemeka, anasema anakufa

Hii ndiyo ya kawaida zaidi, hasa kwa anayevuta kwa mara ya kwanza au aliyezoea bangi ya kienyeji. THC huongeza mapigo ya moyo kwa 20 hadi 50 kwa dakika. Kijana anausikia moyo wake, anaogopa, na woga unauongezea moyo mbio. Kama amevuta, hali huanza ndani ya dakika chache, hufika kileleni kama nusu saa baadaye, na kwa wengi huisha ndani ya saa mbili hadi nne.

Mpeleke chumba kimoja chenye utulivu, punguza mwanga, zima muziki. Azungumze naye mtu mmoja tu, kwa sauti ya chini. Mimi humkalisha chini na kumwambia aweke viganja vyote viwili kwenye sakafu ya saruji, aniambie upande upi ni wa baridi zaidi. Anafikiri, anagusa, anagusa tena. Kisha tunapumua pamoja, kutoa pumzi polepole kuliko kuivuta. Kila baada ya dakika kumi namwambia saa: "Sasa ni saa tano kasoro. Saa saba utakuwa umetulia." Akili iliyolewa bangi inaona dakika moja kama saa nzima, ndiyo maana kutajiwa saa kunamsaidia kuliko kuambiwa asiogope. Maji kidogo kidogo yanatosha. Kahawa hapana, sigara hapana, na usikimbilie duka la dawa kumnunulia diazepamu, kwa sababu hujui kachanganya na nini.

Akisimama akaona giza na kuanguka, presha imeshuka. Mlaze, inua miguu, mpe muda. Kama alianza na mbege au pombe kali ndipo akavuta, utamwona amepauka, jasho jembamba, anatapika. Pombe huongeza THC inayoingia kwenye damu. Huyo alale kwa ubavu na asiachwe peke yake hata dakika moja, maana hatari kubwa ni kupaliwa na matapishi. Na hapa nasisitiza: mtu asiyeamka sawasawa hamiminiwi maziwa mdomoni. Maziwa hayaiondoi THC kwenye damu, lakini yanaweza kumwingia mapafuni.

Dalili hizi zikija, acha yote uende hospitali: maumivu ya kifua yanayosambaa kwenye mkono au taya, kuzimia kusikoisha haraka, mtu mwenye ugonjwa wa moyo au aliyevuka miaka 40. Saa ya kwanza baada ya kuvuta ni saa ambayo uwezekano wa shambulio la moyo huongezeka. Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa kifua, pamoja na kukosa pumzi, yanaweza kuwa hewa iliyovuja kutoka kwenye pafu kwa kuubana moshi kwa nguvu. Hilo nalo ni la hospitali usiku huohuo.

Alikula, hakuona kitu, akaongeza

Biskuti, keki, pipi. Kinachowaponza ni muda. Bangi iliyoliwa huanza kazi baada ya nusu saa hadi saa mbili, maana inapita tumboni na kwenye ini, na ini huigeuza kuwa kemikali nyingine yenye nguvu zaidi kichwani. Kijana anakula kipande saa moja jioni, saa mbili anasema feki hii, anakula vingine viwili, saa nne vyote vinampanda kwa pamoja. Usimtapishe. Mwangalie kama aliyevuta, ila jipange kwa usiku mzima: inaweza kudumu saa 8 hadi 12, na wengine huamka bado wana uzito. Asubuhi hiyo asiendeshe bodaboda.

Mtoto mdogo amelala, haamki vizuri

Hapa usisome sana, nenda. Mtoto wa miaka miwili au mitatu aliyeokota biskuti ya kaka yake anaweza kulegea mwili mzima, kuyumba, kulala usingizi usioamshika, na pumzi kupungua. Wazazi hufikiri malaria kwanza, na kupima malaria ni sahihi. Ila kipimo kikitoka safi, homa haipo, na mtoto analegea kama kitambaa, sema wazi mbele ya daktari kwamba ndani ya nyumba kuna mtu anayetumia. Niliwahi kukaa na familia moja kwa saa nzima bila mtu kusema, kila mmoja anamwangalia mwenzake, mpaka bibi akafungua fundo la kanga akatoa kipande cha biskuti alichokikuta chini ya kochi. Mtoto alipona. Bibi ndiye aliyetufungulia njia.

Anatapika kila asubuhi, na hataki kutoka kwenye maji ya moto

Mama mmoja wa Rau alikuja kwangu na malalamiko ya mkaa. "Gunia lililokuwa linanipeleka mwezi, sasa wiki mbili halifiki. Mwanangu anaoga maji ya moto mara tano kwa siku, sista, hata saa saba mchana." Ilikuwa Januari, Moshi joto lake mnalijua. Kijana alikuwa na miaka 22, amekonda, tumbo linamsokota, anatapika tangu alfajiri. Alikwisha kutibiwa vidonda vya tumbo mara mbili na homa ya matumbo mara moja. Hakuna aliyemuuliza kuhusu kuoga.

Ukiona vitu vitatu kwa pamoja, yaani kutapika kunakokuja kwa vipindi, matumizi ya bangi ya muda mrefu (kwa kawaida zaidi ya mwaka, karibu kila siku), na nafuu inayopatikana kwenye maji ya moto pekee, shuku ugonjwa wa kutapika unaosababishwa na bangi yenyewe. Madaktari wa Australia waliueleza kwa mara ya kwanza mwaka 2004, hivyo si ajabu wahudumu wengi hawakuusoma darasani. Unachanganya kwa sababu bangi kidogo hutuliza kichefuchefu, na kijana anajua hivyo. Kila akitapika anavuta zaidi ili apone, na kila akivuta anajiongezea ugonjwa. Yule kijana wa Rau aliniapia kwamba kijiti ndicho kilichokuwa kinamfanya ale.

Nyumbani mpe maji ya ORS kijiko kwa kijiko. Kama hayakai tumboni, mkojo umekuwa mchache na mweusi kama chai, au misuli inakaza, apelekwe hospitali: anahitaji dripu, na figo na chumvi za mwili zipimwe, maana wapo waliofika na figo zimeanza kushindwa. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika mara nyingi hazimsaidii. Daktari anaweza kuchagua dawa ya haloperidol, au mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa kiini cha pilipili yapakwe tumboni. Tafadhali msisage pilipili mbichi mkampaka. Na angalieni ngozi yake: wengine huoga maji ya moto mpaka wanaungua bila kujali.

Kinachomaliza ugonjwa ni kuacha kabisa. Kupunguza hakutoshi. Kutapika huisha siku chache baada ya kuacha, tumbo huchukua wiki kadhaa kurudi sawa, na akirudia bangi ugonjwa nao unarudi. Tulimfuatilia yule kijana kwa miezi mitatu. Nilijua anaendelea vizuri kabla hajaniambia, siku mama yake alipokuja kliniki akaniambia gunia la mkaa limefika mwezi.

Anasikia watu wanamsema, anafunga madirisha

Hapa kitu cha kwanza kutazama ni kalenda. Kama sauti na mashaka yalikuja akiwa amelewa na yakaondoka pamoja na ulevi, ni sumu ya THC kichwani, na mwili wake umeshamwonya. Kama yamebaki siku kadhaa baada ya kuvuta mara ya mwisho, aonwe na daktari wiki hii. Kama amekaa mwezi bila kuvuta na bado anasikia, kuna uwezekano mkubwa ugonjwa wa akili umeanza, na unahitaji dawa.

Skanka na bangi ya kienyeji hazilingani katika hili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019, uliofanyika katika maeneo kadhaa ya Ulaya na Brazil, ulikuta kwamba wanaotumia kila siku bangi yenye THC ya asilimia 10 na zaidi wana uwezekano wa karibu mara tano wa kupata ugonjwa wa aina hii kuliko wasiotumia kabisa. Hatari ni kubwa zaidi kwa walioanza wakiwa wadogo, na kwa familia ambayo shangazi au mjomba amewahi kuugua. Ndiyo maana vijana watatu wanavuta pamoja pale Pasua au Ngarenaro, wawili wanaenda kazini kesho yake, wa tatu haendi tena.

Mara nyingi dalili ndogo hutangulia kwa wiki nyingi. Anageuza simu chini akidhani inamsikiliza. Hali chakula asichopika mwenyewe. Haogi. Anasema redio imemtaja. Usibishane naye kwamba sauti hazipo, wala usimkubalie kwamba zipo, mwambie, "Mimi sizisikii, lakini naona zinakutesa." Nyumba zetu za migombani panga na mundu vinakaa nje ya mlango; viondoe kimyakimya. Msimfunge kamba. Nimesafisha vidonda vya vifundo vya mikono kwa vijana waliofungwa kwenye mti siku mbili, na ugonjwa haukupungua hata kidogo. Anayetaka kuombewa aombewe, nami naheshimu, ila maombi yaende sambamba na hospitali, yasichukue nafasi yake. Akisema anataka kufa, au sauti zinamwamuru afanye jambo, ni usiku huohuo: Moshi nenda Mawenzi au KCMC, Arusha nenda Mount Meru.

Wengi huchelewa kwa kuogopa polisi. Kweli, sheria ya mwaka 2015 inakataza kulima, kuuza, kumiliki na kutumia bangi. Lakini kazi yetu wodini ni kutibu, na tunachokuuliza tunakuuliza kwa ajili ya tiba. Anayetaka ushauri kwa simu anaweza kupiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya.

Ameacha, lakini halali na amekuwa mkali

Hiyo ni arosto ya bangi, yaani mateso ya mwili unapokosa ulevi uliouzoea, na ipo, ingawa mtaani wanasema bangi haina arosto. Huanza siku ya kwanza hadi ya tatu, huwa kali wiki ya kwanza, na kwa wengi hupungua baada ya wiki mbili. Hasira, jasho usiku, kukosa hamu ya kula. Usingizi ndio unaochelewa kurudi, na ukirudi unakuja na ndoto nzito za kutisha. Familia nyingi huvunjika moyo siku ya nne au ya tano. Nimesikia mama akisema, "Bora avute tu, alikuwa mpole." Mama, vumilia wiki moja zaidi. Chakula kidogo mara nyingi, kazi ya mikono mchana, hakuna kahawa baada ya saa tisa alasiri. Wengine huniuliza kuhusu methadoni: hiyo ni ya walioathirika na heroini, kwa bangi haifanyi kazi.

Huenda si bangi

Homa kali pamoja na kuchanganyikiwa: ni malaria au homa ya uti wa mgongo mpaka vipimo vikatae, hata kama ananuka moshi. Shingo ngumu vilevile. Mboni za macho zikiwa ndogo kama ncha ya sindano na pumzi ni chache, fikiria heroini. Bangi hufanya macho yawe mekundu, pumzi haiibani hivyo kwa mtu mzima. Mwenye kisukari apimwe sukari kwanza. Degedege au fujo isiyozuilika dakika chache baada ya kuvuta huashiria majani yaliyonyunyiziwa kemikali za maabara zinazoiga THC.

Kipimo cha mkojo nacho kinapotosha wanaokitegemea. Kemikali hizo za maabara kwa kawaida hazionekani kwenye kipimo cha bangi, hivyo mgonjwa anaweza kuwa mahututi na kipimo kikatoka safi. Na kinyume chake, THC hujihifadhi kwenye mafuta ya mwili: aliyevuta mara moja husafika baada ya siku chache, aliyekuwa akivuta kila siku anaweza kuonekana hata mwezi mzima baada ya kuacha. Baba anayempima kijana kila Jumamosi na kumwita mwongo wiki ya tatu anamvunja moyo mtu ambaye huenda anasema kweli.

Mkija, njooni na kilichobaki, hata kama ni kisiki cha msokoto kwenye karatasi, na dawa zozote anazotumia. Kama huna pa kuandikia, andika saa aliyovuta kwenye kiganja chako kabla hujapanda bajaji.